Mdhamini wa Severa

Severa alikuwa amejiandaa kubishana. Hakutokea mtu wa kubishana naye, na hilo ndilo lililoanza kumtia wasiwasi.

Alikuwa amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu, Mlimani, kusoma elimu ya wanyama. Serikali ingelipa kila kitu, naye angeitumikia miaka mitano popote atakapopangiwa. Akiiacha kazi kabla ya hapo, gharama zote zingegeuka deni, na deni lingemfuata kwanza mdhamini wake. Mdhamini alitakiwa awe mtu mwenye mali. Baba yake Severa alikwisha kufariki. Mwenye mali katika ukoo alikuwa mmoja tu, baba yake mkubwa Kasmir, mwenye duka la jumla Mtaa wa Msimbazi. Severa aliishi kwake na kumuuzia dukani sabuni na khanga tangu alipotoka Jeshi la Kujenga Taifa.

Wiki nzima alipanga maneno. Angekubali mapema kwamba mshahara wa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, hauifikii faida ya duka. Kisha angesema kwamba mshahara wa Serikali ni wa uhakika, kwamba yeye hatumii sana, kwamba mama yake kule Rombo angeanza kutumiwa kitu tangu mwezi wa kwanza wa kazi.

Alianza wakati wa chakula cha jioni. Kasmir akanyanyua mkono.

"Nitatia saini."

"Hujaniuliza mshahara, baba mkubwa."

"Wa nini? Mshahara ni wako, ule."

Severa alimtazama Euphrasia, mke wa Kasmir. Huyu alikuwa akimwita "bibi fisi" mbele ya wateja na kuwachekesha. Safari hii aliinamia sahani yake, akala.

Jumamosi lori la Wilbert liliingia uani. Wilbert alikuwa binamu wa Kasmir na alimletea mchele kutoka bara. Kasmir akamwita Severa stoo, akafunga mlango mchana kweupe, huku nje nyundo za mafundi wa soko jipya zikilia.

"Huyu ndiye bwana nyama wetu?" Wilbert akacheka. "Basi kuanzia leo shikamoo nitoe mimi."

Akafungua gunia moja. Chini ya mchele kulikuwa na ngozi za chui zilizokunjwa kama mashuka. Severa akainyanyua moja na kuikunjua. Ilikuwa fupi kuliko mkono wake, madoa yamesongamana, manyoya laini kama ya paka wa nyumbani.

"Huyu alikuwa bado ananyonya," akasema.

"Unaona!" Wilbert akamgeukia Kasmir kwa furaha. "Hata hajasoma, anajua."

Kasmir akaeleza kwa upole, kama anavyomweleza mteja bei. Ngozi isiyo na hati ni kesi. Yenye hati ni biashara. Hati hutiwa saini na bwana nyama, na yule waliyekuwa wakimlipa alikuwa anazidisha bei kila mara.

"Nimepiga hesabu, mwanangu. Nikikudhamini sipotezi kitu. Miaka mitano huna pa kwenda, Serikali imekushika. Mshahara kula wewe. Mimi nataka mkono wako tu, mara moja moja."

"Na nikikataa?"

"Ukatae nini? Hujaombwa bado." Akampapasa bega.

Jioni ile Severa alikwenda Ilala kwa Bi Kuruthumu, mjane aliyezoeana naye dukani, mwenye nyumba ya vyumba sita. Akamwomba awe mdhamini wake. Bi Kuruthumu alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Wanaweza kuichukua nyumba?"

"Nikishindwa, wanaweza."

"Hutashindwa, nakujua. Lakini nyumba hii ina watoto wa marehemu, siwezi kuwaweka rehani. Kasmir amekukatalia?"

"Amekubali."

Bi Kuruthumu akaacha kuchambua. "Sasa unakimbia nini?"

Severa alitazama nje. Barazani mwa nyumba ya pili Wilbert alikuwa ameketi na kikombe cha kahawa. Akakiinua kumsalimu.

"Hamna kitu, bi mkubwa," Severa akasema.

Jumatatu walikwenda Posta, ofisi ya wizara. Kasmir alivaa koti. Alitia saini polepole, akaongeza na muhuri wa duka. Karani akageuza karatasi.

"Sasa wewe, ndugu Severa. Elimu ya wanyama. Sawasawa?"

Aliwataka wanyama tangu utoto, alipokuwa akiwafuata mbega msituni juu ya kihamba, shamba la migomba la baba yake. Pengine ilikuwapo njia ya kuwa bwana nyama na kusema hapana kila mara atakapoombwa. Siku mbili alikuwa ameitafuta bila kuiona.

"Hapana, ndugu. Nabadilisha. Ualimu wa sekondari, biolojia na kemia."

"Mwalimu wa sayansi!" Karani akachangamka. "Nyie tunawatafuta kama sukari."

"Nirudishie karatasi," Kasmir akasema.

"Ya nini, mzee?"

"Mimi nimedhamini elimu ya wanyama."

"Umedhamini mtu, mzee. Masomo ni yake. Deni ni lile lile, na miaka ni ile ile." Akagonga muhuri.

Kasmir aliitazama karatasi mpaka ilipotiwa kwenye jalada. Akamshukuru karani. Kisha akamfungulia Severa mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nje, Wilbert alikuwa ameegesha gari dogo kivulini, injini ikinguruma. Kasmir akainama dirishani, akasema maneno machache ya Kichaga. Tabasamu la Wilbert likaondoka. Akanyoosha mkono nyuma, akausukuma mlango ukafunguka.

"Panda," Kasmir akasema.

"Nitatembea, baba mkubwa."

Kasmir hakukasirika. Alimtazama kwa kitu kilichofanana na huruma.

"Utembee mpaka wapi, mwanangu?"