Jiwe la Shangazi

Asubuhi ile Kokushubira aliamka kabla ya mama yake, akachota ndoo mbili za maji, akaenda kumwogesha Shangazi kwa mara ya mwisho.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa gari, kigari cheupe cha milango miwili, kilichozeeka hata kabla hakijafika Mwanza. Baba yake ndiye aliyeipa jina hilo. Alisema anaye shangazi yake mmoja kule Kamachumu ambaye haondoki mahali mpaka abembelezwe, akikubali kuondoka lazima agunegune kwanza, na akishaanza safari hanyamazi mpaka afike. Gari ilikuwa vilevile.

Koku alianza na paa, kama alivyofundishwa. Siku za kuosha gari, Taata, ndivyo alivyomwita baba yake kama Wahaya wengi, alikuwa anaosha juu na yeye anaosha matairi kwa mswaki wa zamani. Leo aliosha vyote peke yake. Alipofika ndani akainua kapeti la nyuma, akakuta dagaa mmoja amekauka chini ya kiti, kapinda kama msumari. Harufu ya dagaa ilikuwa haijawahi kutoka kwenye gari ile, tangu siku Taata alipobeba gunia zima kutoka mwaloni kwa wavuvi, Igombe, na kufungulia redio kwa furaha. Mama aliziba pua na kanga njia nzima mpaka nyumbani Pasiansi. Koku akamwangalia yule dagaa, akashindwa kumtupa. Akamrudisha palepale.

Kisha akainama mbele ya kiti cha abiria, akalitoa jiwe.

Lilikuwa jiwe la kawaida la Mwanza, la kijivu lenye vichembe vinavyong'aa, ukubwa wake kama mkate. Upande mmoja lilikuwa bapa, na upande huo ulikuwa na weusi wa tairi usiotoka hata ulisugue vipi. Koku aliangalia dirisha la chumba cha mama yake. Pazia lilikuwa limefungwa. Akalifunga jiwe kwenye sketi yake ya shule, akaliingiza ndani, akalizika chini kabisa ya begi lake la safari. Gari ingeondoka, sawa. Lakini jiwe lilikuwa lake.

Taata alikuwa amefariki mwezi wa tatu, ghafla, presha ilimpanda akiwa darasani anafundisha jiografia. Wakamzika Kamachumu, kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba. Sasa ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa, na kesho yake Mama na Koku walikuwa wanahama. Nyumba ya Pasiansi ilikuwa ya kupanga, kibanja kilikuwa kinasubiri mtu wa kukiangalia. Shangazi asingeweza safari ya Kamachumu, kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo Shangazi akatafutiwa mteja.

Koku alikuwa darasa la nne gari ilipokuja. Taata aliingia nayo mtaani akipiga honi tangu barabara kubwa, majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Kesho yake alivaa suti kwenda kununua mkate, duka lilikuwa hatua mia moja tu. Jumapili akaipeleka kanisani ikabarikiwe. Padre aliponyunyizia maji ya baraka juu ya bodi, Taata akakimbia kufungua boneti.

"Padre, na hapa pia. Shida zote ziko hapa."

Waumini walicheka, Padre akacheka, injini ikapata maji yake. Mama alikuwa amesimama pembeni na kitenge kipya, anajifanya anaona aibu.

Na ni palepale kanisani, kama mwezi mmoja baadaye, ambapo gari ilitoroka. Uwanja wa kanisa uko mteremkoni. Taata alikuwa ameipaki vizuri, ameweka gia, amevuta hendibreki, krrr, ikalia kama kawaida. Lakini ilikuwa inalia tu, haishiki. Gia ikachomoka yenyewe. Mama alikuwa ameshaingia ndani kuimba kwaya, uwanja hauna mtu, na Koku na baba yake wakaiona Shangazi inashuka polepole, kimya, haina haraka, mpaka ikaenda kuegemea ukuta wa bustani. Haikuumiza mtu. Maua tu.

Taata alishika kichwa. Kisha akaokota jiwe kwenye ile bustani.

"Koku, mama yako akijua, tutatembea kwa miguu mpaka Yesu arudi. Hii iwe yangu na yako. Sawa?"

"Sawa, Taata."

Fundi alikuwa atengeneze kesho. Ile kesho ilikwenda miaka sita. Kila walipofika mahali penye mteremko, Taata alikanyaga breki ya mguu, Koku akaruka nje na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi, akagonga bodi mara mbili, ndipo baba yake akaachia mguu. Wakati wa kuondoka ilikuwa kinyume. Koku akisharudi ndani, Taata aliuliza, "Limo?"

"Limo."

"Twende zetu."

Koku hakuwa mtoto wa maneno mengi. Darasani alikuwa anajua jibu na hanyooshi mkono. Kwa wageni alisalimia huku anatazama vidole vya miguu. Lakini kazi ya jiwe haikuhitaji maneno, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na kazi ile.

Saa tano mteja akaja. Aliletwa na baba mdogo Rwehumbiza, ambaye naye aliletewa mteja huyo na dalali. Aliitwa Mayala, fundi wa mafriji, Msukuma mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuja na binti yake Selina, wa miaka mitano hivi, amevalishwa gauni la sikukuu.

"Shikamoo," Koku alisema, akitazama vidole.

"Marahaba mwanangu. Poleni sana na msiba."

Mayala alizunguka gari mara tatu bila kuigusa. Baba mdogo akamcheka, akamwita kwa Kisukuma.

"Ngosha, hiyo si ng'ombe. Huwezi kuikagua meno."

"Nyie Wahaya wasomi, nshomile, mna maneno sana," Mayala akajibu. "Niache niiangalie. Mimi toka nizaliwe sijawahi kumiliki kitu chenye usukani. Hata baiskeli niliyonayo ni ya shemeji."

"Basi jiandae. Ukiwa na gari, ndugu wanaongezeka."

"Wameshaongezeka! Nimepigiwa simu jana na mtu anasema tulibatizwa siku moja."

Wakaenda kuijaribu barabarani, wakarudi. Pale nyumbani ni tambarare kama meza. Mayala akavuta hendibreki, krrr, ikalia vizuri, akatabasamu. Alibaki amekaa mule ndani mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani, injini imezimwa. Koku alimjua mtu wa namna ile. Alikuwa amemwona miaka sita nyuma, amekaa hivyohivyo, palepale.

Selina alishapanda nyuma, anarukaruka kwenye kiti. "Baba, mimi nitakuwa nalala humu!"

"Utalala, mama. Utahamia kabisa." Mayala akamgeukia Rwehumbiza. "Kwangu ni Bugarika, kule juu mawe yalikojaa. Nimechonga njia kwa sururu, miezi miwili, ili gari ifike mpaka mlangoni. Watu wananiona kichaa, nachonga njia ya gari na gari sina."

Koku alisikia neno moja tu, Bugarika. Kule nyumba zimekaa juu ya vichwa vya nyumba nyingine.

Mayala akashuka, akaja mpaka alipo Koku, akachuchumaa kidogo ili asimtazame kutoka juu.

"Mwanangu, naambiwa wewe ndiye ulikuwa unaiosha hii. Madalali wanadanganya, na huyu baba yako mdogo simjui. Niambie wewe. Ina ugonjwa wowote wa siri?"

Baba mdogo hakuwa na wasiwasi, maana hakujua chochote. Koku aliinua macho, akaona pazia la chumbani limesogea. Mama alikuwa nyuma ya lile pazia. Tangu asubuhi alikataa kutoka, alisema hawezi kuiona ikiondoka. Koku akafikiria kusema. Mama atasikia. Atajua kwamba miaka yote sita marehemu mume wake alikuwa anampakia kwenye gari isiyoshika, na anamdanganya, na mtoto anamsaidia. Taata asingekuwepo kujitetea wala kuchekesha. Na jiwe, wangesema lilete, nalo lingeondoka.

"Haina," Koku akasema.

"Hewaa," Mayala akasimama. "Mtoto akisema, basi."

Wakamalizana. Gari ikaguna, ikakohoa, ikawaka. Selina akapunga mkono kwenye kioo cha nyuma mpaka kona. Honi ikapigwa njia nzima mpaka barabara kubwa, na majirani wakatoka kuchungulia.

Mama hakutoka. Koku alibaki uani anaangalia mstatili mkavu ardhini, pale gari ilipokuwa inakaa, na maji ya sabuni yaliyouzunguka.

Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa, Mama akawa anapunguza mizigo, basi lisije likawasumbua. Akalinyanyua begi la Koku, akaguna. Akaingiza mkono.

"Koku, mawe? Tunaenda Kamachumu, kwani huko wamemaliza mawe?"

Kisha akalifungua kwenye sketi, akaona upande ule mweusi. Akakaa kitandani taratibu, jiwe mapajani.

"Mbona hili liko hapa?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

Koku akaiokota sketi, akaanza kuikunja.

"Koku. Gari imeondoka bila jiwe?"

"Mama... unalijua?"

"Nisilijue? Miaka sita nimepanda gari ile. Kila tukifika kanisani wewe unaruka kama mtoto aliyebanwa na mkojo, halafu nasikia ngo, ngo. Mnadhani mimi kiziwi? Mara ngapi nimelikuta mmelisahau kwenye maua yangu mkishaosha gari, nikalirudisha ndani yake?"

"Na hukusema."

"Niseme nini? Mlikuwa mnafurahi." Mama akapitisha kidole kwenye weusi wa jiwe. "Alikuwa akiingia ndani amefaulu kunificha, anapiga mluzi. Mimi ningemnyang'anya ule mluzi?" Akaligeuza jiwe. "Lakini yule fundi umemwambia, si ndiyo? Alikuuliza, nilimwona amechuchumaa. Nikajua anaambiwa."

Koku akatikisa kichwa. Machozi yalianza kutoka kabla hajajua.

"Nilidhani hujui. Nilikuwa namfichia Taata."

Mama hakumgombeza, ingawa Koku alitamani agombezwe. Alichukua simu akapiga namba ya Mayala. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akampigia Rwehumbiza.

"Bugarika gani, shemeji?" sauti ya baba mdogo ilisikika mpaka nje. "Bugarika ni mlima mzima! Mimi kwake sikujui, yule ni mtu wa dalali. Na dalali naye simu haipokei. Huyo mtoto kwa nini hakusema? Si aliulizwa?"

Mama akapiga tena kwa Mayala. Na tena. Kisha akamnyooshea Koku simu.

"Wewe ndiye uliyeulizwa."

Koku hakuwahi maishani mwake kumpigia simu mtu mzima asiyemjua. Akabonyeza, akaiweka sikioni, maneno ameyapanga. Yule mwanamke wa kwenye mtandao akarudia maneno yake yaleyale. Ndipo akakaa sakafuni, akaandika:

*Shikamoo Baba Selina. Ni Koku wa Pasiansi, mtoto wa marehemu mwalimu Privatus. Uliniuliza kama gari ina ugonjwa nikasema haina. Nilidanganya. Hendibreki inalia lakini haishiki, na gia huwa inachomoka. Usipaki mlimani bila kuweka jiwe kubwa nyuma ya tairi. Selina asikae ndani kama hamna jiwe. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaweka jiwe kila siku. Lenyewe ninalo mimi, nililificha. Naomba unisamehe.*

Akasoma mara mbili, akatuma. Ikatokea alama moja ya vema, kwamba umetumwa tu. Wakasubiri ya pili, ya kuonyesha umefika.

Asubuhi wakapandia basi Nyegezi. Mama alikaa dirishani, Koku akakaa karibu na njia, begi mapajani, ingawa kondakta alitaka liende kwenye buti. Lilikuwa zito, likamfinya mapaja, akaliacha limfinye. Kwenye vilima vya mjini nyumba zilikuwa zimeanza kupata jua, na kila alipoona kitu cheupe katikati ya mawe alisimama nusu, akakaa tena.

Basi likasimama Usagara kuchukua abiria. Wauza mahindi wakapandisha mikono madirishani. Mama akatoa simu kwenye pochi, akampa.

Alama ilikuwa bado moja. Koku akaifunga simu, akaifungua tena, labda mtandao. Watu wakapanda, mlango ukagongwa mara mbili kwa kiganja, ngo, ngo, dereva akaachia breki. Mama akageukia dirisha haraka.

Lile basi likaingia barabara ya Kigongo. Koku alishika simu kwa mikono miwili, anaitazama shikamoo yake pale juu kabisa ya ujumbe, tangu jana jioni, haijaitikiwa.