Ushauri Alioutoa Nadine

Kwa miaka kumi na tisa Nadine Huskey alisafisha nyumba za magogo kwenye milima ya Gatlinburg, mji wa watalii, zile zinazopangishwa kwa siku, na katika miaka yote hiyo hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje. Walimuuliza kama mashuka yamekauka. Walimuuliza nani kavunja bilauri, na kama dubu wamepindua tena pipa la taka. Basi siku Corinne Vanek alipomuuliza maoni yake, Nadine alisema mengi kuliko alivyokusudia.

Corinne alitoka Dayton, Ohio, ambako alikuwa mtu wa kusafisha meno kwenye kliniki. Mama yake, Ludmila, alifariki majira ya baridi na kumwachia urithi. Mwezi Machi alipanga kwa siku nne mojawapo ya nyumba alizosafisha Nadine, na siku ya kuondoka akachelewa. Nadine aliingia na ndoo zake akamkuta amekaa kwenye ngazi, picha za nyumba zinazouzwa zimetandazwa magotini.

"Samahani dada, nakuchelewesha."

"Kaa tu. Mimi naanzia jikoni."

Corinne alimfuata hadi jikoni na karatasi zake. "Hebu nikuulize. Wewe hizi nyumba umeziona kwa ndani. Ungekuwa na hela, ungenunua ipi?"

Nadine alifuta mikono kwenye aproni, akazitazama. Tatu kati ya hizo tano alizijua kuanzia chooni hadi darini.

"Hii usiiguse," akasema.

"Mbona ina mandhari nzuri hivyo?"

"Mandhari inayo. Januari barafu ikishika ile barabara, gari la mgeni halipandi na langu halipandi. Mgeni atadai hela yake, na wewe uko Ohio unabonyeza simu."

"Na hii?"

"Karo lake la choo lilichimbwa kwa watu wanne. Wameweka vitanda vya watu kumi na wawili. Piga hesabu mwenyewe, ila usiipige wakati wa kula."

Corinne alicheka mpaka akashika meza. Nadine naye akacheka, na nyumba ile ikachelewa kusafishwa kwa saa nzima.

Wakawa marafiki. Kila Corinne alipokuja kutafuta nyumba alimpitia Nadine, wakazunguka pamoja, na dalali nyuma yao kanuna kama mtu aliyekalia mwiba. Nadine alifungua makabati, akanusa chini ya sinki, akaflashi vyoo viwili kwa pamoja na kusikiliza. Alimwambia Corinne asidanganywe na majakuzi na meza za pool. Mgeni anachokumbuka ni godoro na maji ya moto. Alimwambia aende ofisi ya halmashauri mwenyewe, aulize kama kibali cha kupangisha kwa siku kinatolewa mtaa ule, asiridhike na neno la dalali. Alimwambia atafute nyumba ndogo, barabara ya lami, tambarare, bomba la maji taka la mji, na maji yanayosikika ukikaa barazani, kwa sababu watu wa mjini hulipa kusikia maji.

"Haya yote nani alikufundisha?" Corinne alimuuliza siku moja garini.

"Uchafu," alisema Nadine.

Mwishoni mwa Aprili, baada ya kuzunguka siku nzima bila kupata kitu, Nadine alimkaribisha kwake. Alipika maharage na mkate wa mahindi, wakala barazani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, paa la bati la kijani, kijito kinapita hatua chache tu mbele. Nadine alikuwa mpangaji wa Mzee Harlan Trentham, mwaka wa kumi na moja sasa. Mzee alikuwa ameongeza kodi mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja mwenyewe kuomba radhi. Mume wa Nadine aliugua na kufia chumba cha nyuma.

Corinne aliweka kijiko chini, akasikiliza kijito. Kisha akageuka kutazama barabara, akatazama mfuniko wa bomba la maji taka pembeni mwa ua.

"Nadine, kila ulichoniambia nitafute kipo hapa."

"Kwani unadhani nakaa hapa kwa nini? Mimi si mjinga."

Alilisema kwa fahari. Baadaye, kwa miezi mingi, alilirudia neno hilo kichwani kama ulimi unaorudi kwenye jino bovu.

Mwezi Mei Mzee Trentham alianguka bafuni akavunjika nyonga, akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mambo yake yakashikwa na mwanawe Wendell, aliyeishi Atlanta na ambaye Nadine alikuwa hajamwona tangu mazishi ya mke wa Mzee. Corinne aliacha kupiga simu. Nadine alidhani yuko kazini, au amekata tamaa ya kununua, akamhurumia.

Barua ilifika katikati ya Juni. Nyumba imeuzwa, mpangaji ana siku thelathini. Chini kulikuwa na jina la mnunuzi, kampuni, na kampuni yenyewe iliitwa Ludmila. Nadine alisoma jina hilo amesimama kando ya sanduku la barua, akalisoma tena. Zaidi ya mama yake Corinne hakumjua Ludmila mwingine yeyote, hai wala marehemu.

Hakupiga simu. Jumamosi yake Corinne alikuja mwenyewe, ameshika keki ya pichi ya dukani kwa mikono miwili.

"Ningekuambia," alisema, "ila sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia hapo mlangoni. Ulishapajua."

"Wendell alikuwa anauza tu, Nadine. Nilimpigia kuuliza, akasema ana watu wawili tayari. Asingekuuzia wewe."

"Hakuniuliza."

"Angekuuliza, ungekuwa na hela?"

Nadine alitazama ile keki. Hakuna aliyeipokea.

"Hapana," alisema. "Na wewe ulijua, kwa sababu nilikwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa kwenye gari lako."

"Mama aliniachia hela mara moja. Nikikosea, sina nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha nisikosee."

"Nilikufundisha ununue nyumba. Sikukwambia ununue yangu."

"Si yako, Nadine."

Alilisema taratibu, kwa sauti ile ile ambayo pengine kule kliniki aliitumia kumwambia mtu kwamba jino halifai tena. Hilo ndilo lililomuuma Nadine: kwamba ni kweli, na kwamba limesemwa kwa upole.

Corinne aliiweka keki kwenye kiti cha baraza. "Nataka wewe ndiye uitunze. Nitakulipa kuliko wote. Hakuna anayeijua hii nyumba kama wewe."

"Yaani nitandike kitanda cha wageni kwenye chumba alichofia mume wangu."

"Sikusema hivyo."

"Kazi ndiyo hiyo, bibie. Naijua kazi yenyewe."

Corinne akarudi kwenye gari. Nadine alisubiri lipotee kwenye kona, ndipo akaichukua keki na kuitupa kwenye pipa, akafunga komeo la pipa ili dubu wasilifungue.

Alitafuta nyumba kwa siku ishirini na nane. Kila nyumba ya kupanga aliyoikumbuka, nyumba ambazo zamani walikaa wapishi na wahudumu na walimu, ilikuwa sasa na kibao cha jina la kuchekesha mlangoni na kufuli la namba. Nyingine alizisafisha mwenyewe. Siku ya ishirini na tisa alihamia kwenye karavani nyuma ya nyumba ya kaka yake Virgil, huko Newport.

"Mimi nilijua," alisema Virgil, akimsaidia kubeba godoro. "Watu wa Ohio nawajua."

"Hukujua chochote, Virgil. Ulikuwa unatazama mpira."

"Basi ningejua kama ungeniuliza."

"Shika upande wako, unaliburuza."

Kazi ya nyumba za magogo aliiacha. Si kwa sababu ya umbali, ingawa watu aliwaambia hivyo. Kila mlango aliofungua alijikuta anawaza nani alikuwa anaishi mle kabla, na sabuni inakauka mkononi. Alipata kazi kwenye hoteli moja ya Pigeon Forge, zamu ya mchana, pamoja na Opal Whaley, mwanamke mnene mwenye maneno machache ambaye walisali naye kanisa moja utotoni.

Februari iliyofuata ukumbi wa hoteli ulikodishwa kwa semina ya watu wanaotaka kuanza kuwekeza kwenye nyumba za kupangisha kwa siku. Walikuja kama sitini, kila mmoja na daftari. Nadine alitumwa kupeleka kahawa. Alisukuma mlango kwa kiuno, trei mikononi, na kabla hajaona chochote alisikia sauti.

"Karo la watu wanne, vitanda vya watu kumi na wawili. Pigeni hesabu wenyewe, ila msiipige wakati wa kula."

Ukumbi mzima ukacheka. Corinne alikuwa jukwaani, nywele amekata, amevaa koti zuri. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya baraza na kijito. Viti vya baraza tu ndivyo vilikuwa vipya.

Nadine angeweza kurudi. Lakini trei ilikuwa nzito na meza ilikuwa mbele, akaendelea. Corinne akamwona. Uso ulimbadilika, na kwa nukta moja Nadine alidhani atajifanya hamjui. Laiti angefanya hivyo.

"Jamani," alisema Corinne, "yule pale ndiye aliyenifundisha. Yote haya ni yake. Nadine Huskey."

Watu waligeuka kwenye viti, wakampigia makofi, naye amesimama na vikombe.

Mwanamume mmoja mwenye fulana ya samawati akainua mkono. "Mama, tupe na sisi moja ambalo Corinne hajatuambia."

Nadine aliweka trei mezani. Alimtazama Corinne, na Corinne akaangalia chini.

"Kabla hujanunua nyumba," alisema Nadine, "uliza nani anaishi ndani."

Kwa muda mfupi aliamini kwamba wamemsikia. Kisha akasikia kalamu zinakwaruza. Walikuwa wanaandika.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hilo zuri sana. Wapangaji wanaweza kukuchelewesha msimu mzima. Corinne, kwako palikuwa na mtu? Ilichukua muda gani kumtoa?"

Corinne alikunywa maji. Watu walisubiri.

"Siku thelathini," Nadine akajibu badala yake. "Hakusumbua."

Wakaandika na hilo.

Alipanga vikombe, vishikio upande mmoja, akaondoka na trei tupu. Nyuma ya mlango alisimama akingoja, hakujua anangoja nini. Labda hatua za mtu anayemfuata. Alichosikia ni Corinne akikohoa kusafisha koo na kuanza habari za magodoro.

Jikoni Opal alikuwa anafuta visu. Alimtazama usoni, akaacha kufuta.

"Kuna nini huko?"

"Wako wengi," alisema Nadine. "Chemsha kahawa nyingine."