Kiti cha Mgeni

Bertha alikuwa na daftari la wageni, na ndani yake mlikuwa na majina arobaini na moja. Mbele ya kila jina aliandika tarehe aliyofika mtu huyo, na mbele ya tarehe hiyo akaacha nafasi ya kuandika siku aliyorudi. Nafasi zile zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani.

Ushirika wao ulikuwa wa watu kumi na watatu. Walisali Soweto, jijini Mbeya, katika banda lililokuwa la mashine ya kusaga. Mashine ilishaondoka, unga haukuondoka. Wakiimba kwa nguvu ulidondoka kidogo kutoka kwenye kenchi za paa ukatua mabegani mwa watu, kwa hiyo waliimba kwa kiasi. Hapo mtu hakuulizwa alibatizwa wapi, ameolewa ndoa ya ngapi, wala anaamini kiasi gani. Mahubiri yalikwenda kwa zamu, wanawake kwa wanaume, na yakiisha ilikuwa ruhusa kunyoosha mkono na kubisha. Mzee Andendekisye, mwalimu mstaafu aliyeongoza ibada, alipenda kusema kwamba mwenye imani akae na mwenye shaka akae, viti vipo. Na kweli vilikuwepo. Viti ndivyo vilivyokuwa vingi.

Mwezi wa kwanza ikaja barua kutoka Iringa, kwenye ushirika mama. Iliandikwa kwa upole, kama barua zote mbaya. Ilisema kwamba tawi litakalomaliza mwaka bila kupata mwanachama mpya hata mmoja litafungwa, na watu wake watashauriwa kutafuta pengine pa kusali. Mwangalizi, Baba Kalinga, angefika Jumapili ya Pentekoste, mwaka wao unapofungwa, kujionea mwenyewe.

Wenzake Bertha waliisoma wakasikitika. Bertha aliisoma, akaikunja, akaifungua akaisoma tena. Miaka sita nyuma mumewe, Silvester, alifariki akiwa amegombana na wazee wa kanisa lao la zamani, na wazee wale walipofuatwa wamzike walijibu neno moja tu: hatumjui. Mtu aliyekaa nao miaka ishirini! Aliyekuja kumzika Silvester ni Mzee Andendekisye na watu wake kumi na mmoja, ambao kweli hawakumjua, na wakalia vizuri tu. Tangu siku hiyo Bertha alilipenda lile banda kuliko nyumba yake. Alishajua nani atamzika, na mtu akishajua hilo hulala usingizi. Sasa Iringa walitaka kumwondolea usingizi wake kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu.

Basi akaunda kamati ya mapokezi, akajichagua kuwa mwenyekiti.

Kwanza ulikuwa wimbo tu. Mgeni alisimamishwa, akataja jina, akaimbiwa. Wageni hawakurudi. Bertha akaona kwamba wimbo hautoshi, akaongeza makofi. Hawakurudi. Akaleta kutoka kwake kochi la bluu la mtu mmoja, akalitandika kitambaa cha kufuma, akaliweka mbele likitazama watu, ili mgeni asikae kwenye kiti cha plastiki kama yatima. Bado hawakurudi. Akaongeza soda ya orenji yenye mrija, ambayo mgeni aliinywa baada ya ibada, kochini. Kwa heshima hakuna aliyetoka kabla mgeni hajamaliza, walimsubiri, wakimtazama. Kijana mmoja wa chuo alimaliza chupa nzima kwa mvuto mmoja akatoka akikohoa, na hakuonekana tena mtaa ule. Bertha akaandika kwenye daftari kwamba huenda alikuwa na kifua.

Ndipo akaja Mbuke.

Mbuke alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mjane, muuza mchele pale sokoni Soweto. Alikulia bonde la Usangu. Wazazi wake ni Wasukuma walioteremka na ng'ombe kutoka kaskazini, na mpaka leo huko Usangu kuna watu wanaowaita wageni, ingawa makaburi yao yapo hapo hapo. Alikuja Jumapili moja akaketi kwenye kochi, akaimbiwa, akanywa soda. Jumapili iliyofuata akarudi. Bertha aliandika tarehe ile kwa kalamu nyekundu.

Akarudi tena na tena, mpaka zikatimia Jumapili kumi mfululizo, na kila Jumapili alipata wimbo, makofi, kochi na soda. Ya tatu alishika ufagio. Bertha akauwahi.

"Hapana mama, wewe ni mgeni wetu. Kaa."

Ya tano aliinamia beseni la vikombe vya chai. Bertha akalivuta beseni, Mbuke akalishikilia, wakaangaliana, kisha Mbuke akaliachia. Ya saba aliwahi kufika, akamkuta Jailos, fundi baiskeli, akipanga viti, akabeba viwili. Jailos alishapewa maelekezo na kamati. Akampokonya kwa adabu zote.

"Kaa, mama. Usichoke."

"Sijachoka," alisema Mbuke.

"Ndiyo maana yake. Kaa."

Jumapili ya kumi na moja kochi lilikuwa tupu. Ya kumi na mbili pia. Pentekoste ilibakiza wiki tatu, na Bertha akaona kwamba hapa hakuna ujanja ila kwenda mwenyewe nyumbani kwa mtu.

Alimkuta Mbuke uani na gunia la mchele limefunguliwa.

"Hodi mama."

"Karibu mama Bertha. Karibu sana." Mbuke akasimama, akaingia ndani, akatoka na kiti chenye mto, akakipangusa. "Kaa hapa, kuna kivuli." Akamtuma mtoto wa jirani soda. Ikaja ya orenji, na mrija.

Bertha aliketi. Mbuke akarudi kwenye ungo wake, akaendelea kuchambua mchele. Bertha alipiga mafunda mawili, akaona aibu kukaa bure, akanyoosha mkono kwenye ungo mwingine uliokuwa ukutani.

"Hapana mama," alisema Mbuke bila kuinua macho. "Wewe mgeni."

Bertha akarudisha mkono mapajani. Aliitazama mikono yake, akaikuta haina la kufanya, mikono iliyoshona sare za nusu ya shule za mji huu. Mara akaingia jirani, Yunisi, hakubisha hodi wala hakusalimia vizuri, akautwaa ungo ule ule ukutani, akajitupa kwenye mkeka. Wakaanza kusemana na Mbuke habari za mtu fulani ambaye Bertha hamjui, wakicheka mpaka punje zinamwagika. Bertha aliwatazama kutoka kitini na wivu ukamkaa kooni pamoja na soda. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa hajawahi kutamani kuchambua mchele wa mtu namna ile.

"Mbona hatukuoni?" aliuliza mwishowe.

"Nasali kule juu, kwenye hema," alisema Mbuke.

Bertha alilijua hema lile. Mji mzima ulilijua, kwa vipaza sauti vyake.

"Mahubiri yao mazuri?"

"Mabaya. Wanasema nitachomwa moto."

"Wewe?"

"Mimi, na nyie wote wa kwenye mashine. Nyie ndio wa kwanza."

"Na bado unarudi?"

"Jumamosi ni zamu yangu ya kufagia." Mbuke akapepeta, makapi yakaruka. "Siku ile ile niliyofika, mama mmoja alinipa ufagio. Hakuniuliza jina. Alisema anza na upande ule. Mama, kwetu mtu asiyeitwa kuchota maji kwenye msiba, huyo hana kijiji. Kwenu nimekunywa soda kumi. Mkifiwa kesho, mtanipa ya kumi na moja?"

Yunisi alicheka. Bertha hakucheka. Alimaliza soda yake kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuondoka.

Hakwenda nyumbani, alikwenda bandani. Akafungua mlango, akakaa kwenye plastiki ya nyuma, akaangalia mapazia. Mapazia yale aliyapunguza yeye. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya kumzika Silvester, naye hakuja kuwa mwanachama, alikuja kusema asante aende zake. Kamati haikuwepo, wala wimbo wa wageni. Mzee Andendekisye alimtazama macho yake yaliyovimba akasema, "Wewe si ndiye fundi cherehani? Hebu tupunguzie haya mapazia, yanaburuta." Mapazia manane. Alikwenda nayo akalia juu yake wiki nzima, akishona, na alipoyarudisha akaona moja linahitaji kurekebishwa, na Jumapili iliyofuata jingine, na mpaka leo hajamaliza. Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu wote pale waliijua. Mzee Andendekisye aliwahi kuihubiri dakika arobaini. Baada ya mahubiri mgeni wa siku hiyo aliletewa soda.

Bertha alijichukia kidogo, kisha akaona kujichukia nako ni kukaa kitini. Ijumaa ya kabla ya Pentekoste akarudi kwa Mbuke. Safari hii hakubisha hodi. Alisimama mlangoni mwa ua, na ulimi wake ukawa unatafuta tafadhali na samahani, akaubana.

"Jumapili tunao watu wa Iringa, wanane. Nahitaji mtu wa wali. Sufuria lipo kwangu, kuni hakuna. Kesho uje tuchambue mchele, keshokutwa saa kumi na mbili uwe jikoni."

Mbuke aliuweka ungo chini.

"Kesho nina zamu," alisema Mbuke.

"Ukimaliza kufagia, njoo."

"Mchele mtanunua wa nani?"

"Wa kwako. Na usituwekee chenga."

Mbuke akarudi kuchambua. "Kuni nitakuja nazo mimi," alisema. "Nyie mtaleta mbichi."

Kama hiyo ilikuwa ndiyo au ilikuwa biashara tu, Bertha hakujua, na hakuthubutu kuuliza.

Siku ya Pentekoste Baba Kalinga alifika na wenzake saba, wamechoka na safari. Walisalimiana "kamwene" na Bertha, mzaliwa wa Igowole huko huko Iringa, kwa furaha ya watu wa nyumbani, lakini furaha ile haikumzuia Kalinga kubeba kitabu chake kwapani. Ibada ikapita. Unga ulidondoka kidogo kwenye koti lake, akaupangusa bila kuuliza. Kisha wote wakatoka uani, ambako Jailos alikuwa ametoa viti, na kwa mazoea akatoa na lile kochi la bluu. Hakuna aliyelikalia.

Kalinga akafungua kitabu. "Ndugu zangu, mnajua kilichonileta. Mwaka huu mmepata nani?"

Mzee Andendekisye akamtazama Bertha. Wote wakamtazama Bertha.

Daftari alikuwa nalo mkononi, limefunguliwa kwenye zile tarehe nyekundu za Mbuke. Angeweza kusema ni yule aliyeko jikoni tangu alfajiri na kuni zake. Lakini hakumuuliza Mbuke chochote, na kumwita sasa asimame mbele ya watu ajieleze ingekuwa kumrudisha kochini kwa mara ya kumi na moja, na safari hii angeondoka moja kwa moja. Akalifunga daftari. Aliwaza mapazia, Silvester, neno hatumjui, na hakusema kitu. Kalinga alisubiri kwa heshima, kisha akaanza kufunika kalamu.

Mbuke akatoka jikoni, kilemba kimekaa upande, macho mekundu kwa moshi, mwiko mkononi. Kalinga, mtu mwenye adabu, akainuka.

"Karibu mama. Wewe ndiye mgeni wetu?"

Mbuke alimtazama juu mpaka chini.

"Mgeni ni wewe, baba." Akamwonyesha kochi la bluu kwa mwiko. "Kaa pale. Chakula kinakuja."

Mwangalizi akakaa. Kochi lilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Magoti yakamfika kifuani, na kitabu kikakosa pa kukaa.

"Na wewe Bertha," alisema Mbuke, na hakusema mama, "umesimama na hilo daftari tangu saa ngapi? Watu watanawa na nini? Jagi liko wapi?"

Bertha aliliacha daftari kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akaenda mbio. Alikuwa analia na hakujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Nyuma yake alimsikia Kalinga akimuuliza Mzee Andendekisye yule mama anaitwa nani, na mzee akimjibu taratibu, kama mwalimu anayesoma imla. Kule bombani jagi lilikuwa chafu. Akalisuuza mara mbili, akalijaza.