Zulia la Upande wa Abiria

Alhamisi asubuhi fundi Rodney alilala chali chini ya Pijo la marehemu Mzee Elisaria kwa dakika arobaini nzima, na alipotoka alikuwa mkavu kama alivyoingia. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe.

"Hakuna hata tone," alisema, akijipangusa vumbi viwikoni. "Given, ndugu yangu, gari lako linakunywa lita mbili za maji kila ukienda kwenu, halafu chooni haliendi. Hili si gari, hili ni ngamia."

Siku nyingine Given angemjibu, maana kwa utani wawili hao hawapishani. Walisoma sekondari moja, wakafukuzwa siku moja kwa kosa moja la kumchora mwalimu wa zamu, wakarudishwa siku moja. Lakini leo alikuwa amekalia tairi bovu hapo gereji, Njoro, uso umemshuka kama mtu aliyefika kwenye sherehe akakuta wanaosha masufuria.

"Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kutoka Kwa Sadala," alisema. "Mama ameshampa neno."

"Si umwambie mama asubiri?"

"Mwambie wewe. Namba yake hii hapa."

Rodney akarudia kujipangusa viwiko. Alimfahamu Mama Elinipendo.

Pijo lile, 504 refu la safu tatu za viti, Mzee Elisaria alilinunua enzi ambazo kahawa bado ilikuwa kahawa. Masama nzima, kwao huko juu mlimani, walilijua kwa mlio. Lilipeleka maharusi kanisani, wagonjwa hospitali na ndizi sokoni, mara nyingine wote safari moja. Given, kitinda mimba, alikulia humo. Akikumbuka utoto wake hakumbuki nyumba, anakumbuka kioo cha mbele kilichojaa ukungu, mkono wa baba ukikifuta kwa kofia, na ile harufu tamu ya uvuguvugu iliyokuwa ikipanda kutoka miguuni mpaka usingizi unamchukua. Mpaka leo, duka la mchele likimchosha, huingia garini akafunga mlango, akavuta pumzi. Harufu ya baba.

Ubaya ni kwamba mama naye aliijua harufu hiyo, na yeye alikuwa na jina lake. Mbege.

Ilianzia mwaka tisini na saba, kwenye harusi ya baba mdogo. Ndoo ya hiyo pombe ya ndizi iliwekwa mbele, miguuni pa abiria, ili isiyumbe. Ikayumba. Kwenye kona ya darajani zulia likanywa nusu ya harusi. Mzee Elisaria, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kanisa na ameacha pombe kwa kiapo mbele ya usharika mzima, alilifua zulia kwa sabuni siku tatu, na likanukia vizuri. Kisha ukaja mwezi wa sita na baridi yake. Zulia likalowa tena, majimaji ya kahawia, matamu puani.

"Elisaria, umerudia," mama alisema.

"Elinipendo, sijagusa."

Hakupiga kelele. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi, mkoba magotini. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na minne mpaka mzee anazikwa, mama alipanda nyuma kama abiria wa teksi, na baba akaendesha mbele kama dereva wa teksi asiyelipwa. Kiti cha mbele akarithi Given. Alikuwa na miaka saba, akajiona amepandishwa cheo.

Na kwa siri, katika miaka yote hiyo, Given naye aliamini kwamba baba anakunywa. Alimpenda hivyohivyo, lakini aliamini.

Sasa Jumapili iliyopita alikuwa amempeleka mama kanisani. Walipofika, mama alishuka, akainama dirisha la mbele, akanusa. "Mwenyewe yuko kaburini mwaka wa nne," alisema, "na gari bado linanuka. Kumbe ni wewe. Hili gari linafundisha watoto pombe. Jumamosi linaondoka."

"Nieleze vizuri," Rodney alisema, akivuta tairi lingine akaketi. "Maji yanapungua lini?"

"Nikienda nyumbani."

"Ukienda Chekereni kuchukua mchele?"

"Hata kijiko hakipungui."

"Oili nimeangalia, safi, haijachanganyika na maji. Kwa hiyo gasketi ni nzima. Rejeta nimeipima presha mara tatu, haitoi. Mipira mizima. Sasa huko kwenu juu unagusa nini ambacho huku chini hugusi?"

Given akafikiri. "Hamna. Naendesha tu. Nawasha hita, basi."

Rodney alimtazama, akageuka akatazama dashibodi, pale palipo na kijiti chekundu cha hita, kama mtu anayeona mlango kwenye ukuta wa chumba chake mwenyewe.

"Hita," alisema taratibu.

"Si mwezi wa saba huu? Bila hita Masama meno yanagongana."

"Mimi nimezaliwa Njoro, Given. Mimi hita naijua kwa kusimuliwa." Akasimama. "Sikiliza. Mle ndani ya dashibodi kuna rejeta nyingine, ndogo, kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ukifungua hicho kijiti, maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, unapata joto. Ukifunga, maji hayaingii. Sasa huku kwetu kwenye joto nani anafungua? Mafundi wote waliowahi kulishika gari hili tangu enzi za baba yako walipima huku, kijiti kimefungwa. Tumepima gari zima isipokuwa panapovuja!"

Alinyoosha mkono kukifungua. Given akaudaka hewani.

"Usifungue hapa. Nikimpelekea mama habari atasema nimekuhonga. Lazima aone mwenyewe."

Rodney akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Basi ngoja tumwage maji haya ya kutu, tuweke kulanti mpya, maji ya dawa ya rejeta. Ya kijani. Mama yako macho vipi?"

"Anamtambua mwizi wa ndizi ng'ambo ya mto."

"Yanatosha."

Wakang'oa zulia wakalitupia nyuma, wakakausha bati la chini kwa matambara, Rodney akatandika taulo jeupe miguuni pa abiria, akaketi amekunja miguu kama bibi harusi anayeogopa kuchafuka. Walipoacha barabara kuu pale Kwa Sadala na kuanza kupanda, hewa ikabadilika. Migomba ikakaribia barabara pande zote mbili, manyunyu yakaanza, Rodney akaanza kutetemeka.

"Washa hita," aliomba.

"Vumilia."

"Given, mimi nina familia."

"Vumilia, tunaingia."

Mama Elinipendo alikuwa uani akipukuchua mahindi. Rodney alishuka, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya kupima mtu. Given akamwekea mama kigoda pembeni ya mlango wa mbele wa gari uliokuwa wazi.

"Mnaniweka kama shahidi mahakamani," alisema mama, lakini aliketi.

"Mama, taulo hilo ni jeupe?" Rodney aliuliza.

"Ni jeupe."

"Ni kavu?"

Aliligusa. "Ni kavu. Na wewe umekonda."

Injini ilikuwa inanguruma. Rodney akavuta kijiti chekundu, feni ikapiga kelele kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Wakangoja. Kwanza kioo cha mbele kikaingia ukungu kwa ndani, ukungu mzito wenye mafuta. Halafu ikaja harufu, ile ile, tamu, ya uvuguvugu, na Given akajikuta ana miaka saba. Mama akakunja uso.

"Si ndiyo hiyo!" alisema. "Hiyo hapo! Mbege!"

"Tazama taulo, mama."

Tone la kwanza lilichungulia chini ya dashibodi, likaning'inia, likadondoka. Likafuata la pili. Kwenye weupe wa taulo yakatanda madoa mawili ya kijani, kijani cha kung'aa kama fulana ya mpira.

Mama Elinipendo aliinama. Alilitia kidole tone la tatu, akalipeleka puani, Rodney akamwahi, "Usionje, mama, ni sumu!" Akanusa. Akanusa tena. Mahindi yakawa yanamwagika taratibu kutoka kwenye kanga aliyokuwa ameyafumbatia.

"Mbege ya kijani," alisema mwishowe, "sijawahi kuona."

"Ni maji ya rejeta," Rodney alisema kwa upole. "Dawa yake ndiyo ina utamu huo. Zamani yalikuwa na kutu, ndiyo maana yakawa ya kahawia. Na yalikuwa yanatoka mkiwasha hita tu."

Akazima injini, akaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi. Sauti yake ikatokea huko ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Sasa huku juu, kwenye mpira wa kioo cha mbele, nani alipaka? Kuna lami. Juu ya lami kuna nta ya mshumaa. Juu ya nta kuna sabuni ya mche. Halafu lami tena. Hizi ni kazi za miaka."

"Baba," Given alisema. "Alidhani ni mvua inaingia."

"Kila Jumamosi," mama alisema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Anatandaza zulia juu ya mibuni likauke, halafu anaingia humo na kijiko anapaka. Nilikuwa namwona kutoka jikoni. Nikasema, anajishughulisha ili asinitazame usoni."

Hapo Rodney akatoa kichwa, akazima tochi.

Mama aliinuka. Alipita kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi, pale yalipopandwa masale, akakata jani moja refu, akalifunga fundo. Jani la isale Mchaga halipeleki kwa mtu bure. Ukimpelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Akaelekea nyuma ya nyumba, migombani, kwenye kaburi la mzee. Given alimfuata hatua chache, akasimama.

Hakusikia kilio. Alichosikia ni sauti ya mama ile ya siku zote, ya kugomba.

"... na wewe pia, Elisaria! Miaka yote hiyo unapaka lami tu kama mtu asiye na akili! Ungefungua hilo dashibodi!" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Nimekuletea isale. Ulipokee."

Given akarudi gari lilipo haraka, akajifanya anafuta kioo. Kilikuwa kisafi. Akakifuta tena, na alipokifuta alimwomba baba yake radhi kwa ajili yake mwenyewe, bila jani.

Rodney alikuwa amekwisha kuunganisha mipira miwili ya hita moja kwa moja ili maji yasipite tena. "Wengi huacha hivi hivi milele," alisema. "Kule chini joto lipo, nani anahitaji hita?"

"Mimi," mama alisema nyuma yao. Macho yalikuwa mekundu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka. "Hako karejeta kakachomelewe kakarudi. Na huyo wa vyuma chakavu mpigie, Given, mwambie akachukue vyuma vya mama yake. Zulia lipo wapi?"

"Nyuma, mama. Bado limelowa, nilitaka kulitupa."

"Lirudishe."

Likarudishwa. Mama akachukua mkoba wake ndani, akazunguka gari, akafika mlango wa mbele, ambao Rodney alikuwa ameufunga, akavuta kitasa. Hakikufunguka. Akavuta tena, akakitazama kwa mshangao, kama mgeni. Given akaenda akasimama kando yake.

"Unainua kidogo kwanza, mama, ndipo unavuta."

Akainua, akavuta, mlango ukafunguka. Akaingia, akapanga kanga, akaweka mkoba magotini. Alitazama kioo cha mbele kwa muda, barabara yote ikiwa mbele yake, migomba huku na huku.

"Huku mnaona mbali," alisema.

Given akaliondoa gari polepole kushuka Njoro, Rodney akiwa kiti cha nyuma, akitetemeka kwa baridi. Walipofika kwenye kona ya darajani mama akatazama chini.

"Given."

"Naam, mama."

"Miguu yangu inalowa."

"Ndiyo, mama. Huwa inalowa."

Hakuiondoa.