Baba wa Ubatizo wa Mwinga

Mwinga alipotimiza miezi mitatu, baba yake, Fondo, alisema wakati wa kumbatiza umefika. Walikuwa wamekaa mlangoni pa nyumba yao ya kupanga, Ukunda, Jumapili baada ya misa, Fondo akimenya mihogo na mkewe Immaculate akimnyonyesha mtoto.

"Tarehe si kazi," Fondo alisema. "Kazi ni msimamizi. Mimi naona tumwombe Seth."

Seth alikuwa binamu yake, mwalimu wa sekondari kule Kombani na kiongozi wa kwaya. Tayari alikuwa na watoto saba wa ubatizo. Immaculate hakuwa na neno baya juu yake, lakini jina lililokuwa moyoni mwake tangu siku ya kujifungua lilikuwa jingine.

"Mimi namtaka Nahashon."

Fondo aliacha kumenya. "Nahashon wa jikoni?"

"Huyo huyo."

Fondo hakubisha, maana sababu aliijua. Wote watatu walifanya kazi katika hoteli moja ya Diani: Immaculate alikuwa mfuaji, Fondo dereva, na Nahashon mpishi mkuu. Uchungu ulipomshika Immaculate kabla ya siku zake, Fondo alikuwa amewasindikiza wageni hadi Mkwiro, kisiwani Wasini, na simu yake haikupatikana. Immaculate alijifungua salama Msambweni, lakini damu ikawa haikatiki. Daktari akauliza kama kuna ndugu wa kutoa damu. Ndugu zake wote walikuwa Kitui. Cynthia, mfuaji mwenzake aliyemsindikiza, akapiga simu hotelini, na saa moja haijatimia Nahashon akaingia na sare yake nyeupe ya jikoni, mikono yanuka kitunguu saumu.

"Watu hutolea wapi hiyo damu?" aliuliza.

Aliitoa, kisha akakaa kwenye benchi la nje mpaka Fondo akafika. Tangu siku hiyo hakuwahi kuligusia jambo hilo, wala hakutaka kushukuriwa.

Basi Jumatatu walimfuata jikoni na kumwomba awe baba wa ubatizo wa Mwinga. Nahashon, Mkisii wa makamo, mrefu, asiyekuwa na mke wala mtoto, alipangusa mikono kwa aproni, akaipangusa tena.

"Mmenipa heshima kubwa," alisema. "Wacha kwanza nifikirie."

Alifikiria wiki nzima na zaidi. Immaculate akipita jikoni kuchukua vitambaa vichafu vya meza, Nahashon ana jambo la kufanya stoo. Jumapili alimwona kanisani, misa ilipoisha hayupo. Immaculate aliumia. Alidhani labda wamemtwika mtu mzigo asioutaka. Jumamosi alimngojea kwenye lango la wafanyakazi, mtoto mgongoni.

"Kaka Nahashon, kama hutaki niambie. Sitachukia. Lakini usinikimbie."

Nahashon alimtazama mtoto kabla ya kumtazama mama.

"Si kwamba sitaki, dada. Siwezi. Mimi sina kipaimara."

Immaculate hakuelewa mara moja. Huyu alikuwa mtu asiyekosa misa, mvua au jua. Lakini kanisa linataka msimamizi awe ameimarishwa kwa sakramenti hiyo, na Nahashon hakuwa. Alimweleza papo hapo, amesimama. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la kipaimara limebakiza wiki mbili askofu aje, mjomba wake alipomwita Mombasa kuosha vyombo kwenye mkahawa. Akaenda. Alijiambia atamaliza mwaka ujao. Mwaka ujao ukazaa mwingine, na kadiri alivyokua ndivyo alivyoona haya kwenda kukaa na watoto.

"Sasa nina hamsini na moja," alisema. "Watu wananiona kila Jumapili, wanadhani nimekamilika. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia mtu ila wewe."

Jumanne iliyofuata Immaculate alikwenda kwa katekista wa parokia, Mwalimu Milcah, mama mstaafu ambaye watoto walimwogopa kuliko padri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeleta jina la msimamizi?"

Immaculate alimweleza yote. Mwalimu Milcah alivua miwani.

"Askofu anakuja baada ya wiki tisa. Hawa watoto nimekuwa nao tangu mwaka jana. Darasa langu si gari la abiria, mtu adandie njiani."

"Ninajua, mwalimu. Ninaomba tu umsikilize mwenyewe."

Mwalimu Milcah alivaa tena miwani, akasema aletwe Jumamosi.

Nahashon alikuja Jumamosi amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi likakakamaa. Mwalimu Milcah hakumkaribisha kiti. Alimwuliza Amri Kumi, akazitaja. Alimwuliza Kanuni ya Imani, akaisema bila kukwama. Alimwuliza vipaji saba vya Roho Mtakatifu, akavitaja vyote, na cha kumcha Mungu akakirudia mara mbili kwa woga. Mwishowe aliulizwa sakramenti. Alitaja sita, akaishia hapo.

"Ni saba," Mwalimu Milcah alisema. "Umesahau ipi?"

"Sijaisahau, mwalimu. Ndiyo iliyonileta. Naona haya kuitaja."

Mwalimu Milcah alirekebisha miwani, akaandika jina lake daftarini.

"Saa tatu kamili kila Jumamosi. Na cheti cha ubatizo nikione."

Dada yake Nahashon alikwenda parokia ya kwao Nyamira, akakipata cheti na kukituma kwa basi. Mpishi mkuu akaanza kukaa kwenye benchi fupi, magoti yakikaribia kidevu, katikati ya watoto wa kidato cha kwanza. Jumamosi ya kwanza walimcheka. Ya pili alikuja na mahamri, wakaacha. Kufikia ya nne walikuwa wakimwita Mjomba na kumnong'oneza awasaidie majibu, naye hakuwasaidia hata mmoja.

Tatizo lilitoka Mkongani, kwa mama yake Fondo, Mama Hannah. Yeye hakuipenda hii habari ya kungoja. "Watu wote wa kanisa hawa, mtoto angojee mpishi asome?" alisema kwenye simu. "Atabatizwa ana ndevu." Seth naye alisikia, na ingawa alisema tu "sawa, ni uamuzi wenu," hakuonekana kwao wiki tatu.

Wiki ya sita Mwinga akashikwa na homa. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa. Asubuhi ya pili mwili ulikuwa bado wa moto, na Mama Hannah akashuka kutoka Mkongani na kikapu chake.

"Aitwe padri leo," alisema. "Mjukuu wangu hatakufa bila jina la kanisa kwa ajili ya ukaidi."

Immaculate alikaa kitandani akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Kwa mara ya kwanza alijiona amekosea. Alikuwa amemweka mtu mzima mbele, mtoto nyuma. Fondo alisimama mlangoni asijue amfuate nani.

Nahashon alifika saa nne hivi. Cynthia alikuwa amemwambia kazini. Alimwamkia Mama Hannah kwa heshima, kisha akawageukia wazazi.

"Mpigieni Seth," alisema. "Abatizwe leo, Seth asimame. Mimi nitamaliza darasa langu, hilo halina haraka. Mtoto kwanza."

Mama Hannah alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimsema wiki zote hizo. Hakutarajia aje na maneno hayo.

Fondo alimpigia Seth, kisha Mwalimu Milcah. Wote wawili walifika kabla ya adhuhuri. Mwalimu Milcah aliinama, akamgusa mtoto shingo, akamtazama macho, akauliza amenyonya lini. Alikuwa amenyonya vizuri alfajiri.

"Kungekuwa na hatari, ningembatiza mimi mwenyewe sasa hivi kwa maji ya kikombe," alisema. "Wala nisingemwuliza mtu kipaimara. Lakini mtoto anayenyonya hivi na kunyoosha mkono avute miwani yangu hayuko hatarini. Dawa inafanya kazi. Kesho jasho litamtoka."

Jasho lilimtoka jioni ile ile. Mama Hannah alikuwa amempakata, na alipohisi kanga imelowa alicheka peke yake kwa sauti, akawaita wote waje waone. Hakusema tena habari ya padri. Alibaki Ukunda mpaka siku ya ubatizo.

Seth na Nahashon waliondoka pamoja siku hiyo, wakitembea pole pole hadi barabarani. Waliyozungumza hawakumwambia mtu. Lakini askofu alipokuja na watoto wakapanga foleni mbele ya altare, kila mmoja na msimamizi wake nyuma, aliyesimama nyuma ya Nahashon ameweka mkono begani mwake alikuwa Seth. Ilibidi anyooshe mkono, kwa jinsi Nahashon alivyokuwa mrefu. Askofu alipompaka mafuta ya krisma kwenye paji la uso, Nahashon alifumba macho, na machozi yakamtoka wazi wazi mbele ya parokia nzima. Watoto wa darasa lake walimpigia makofi, Mwalimu Milcah akawakodolea macho, nao wakaendelea kupiga.

Jumapili iliyofuata Mwinga alibatizwa kwa jina la Anselm. Alilala maji yalipomwagwa mara ya kwanza, akaamka kwa ya pili, akapiga kelele kwa ya tatu. Nahashon alishika mshumaa kwa mikono miwili. Padri alipouliza kama msimamizi yuko tayari kuwasaidia wazazi hawa, alijibu "Niko tayari" kwa sauti iliyofika nje, kwa wauza karanga.

Nyumbani, Mama Hannah alimkataza kukanyaga jikoni. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, akampakulia wali wa nazi na kuku wa kienyeji kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha akasimama kando kumngojea aonje.

"Vipi, baba?"

Nahashon alitafuna kwa uangalifu, mtoto amelala kifuani pake.

"Mama," alisema, "nazi yako nitakuja kujifunza Mkongani."

Mama Hannah akamwongezea paja jingine.