Chumvi ya Mplamu

Rahmo alikuwa ameyasema mbele ya watu, na neno lililosemwa mbele ya watu halirudi mdomoni. Aliyasema kwenye foleni ya boza la maji, mkono kiunoni, jerikeni zake za njano zimejipanga nyuma yake: "Mti unakunywa na watoto wanalamba midomo. Utakauka tu huo, abaayo, dada yangu, na sisi tutakuwepo kuona."

Haukupita muda, mplamu wa Istahil ukaanza kukauka.

Ulikuwa mti mfupi, kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ndani ya pipa la mafuta lililokatwa nusu na kutobolewa matundu chini. Pipa lilikaa kwenye pembe ya ua, pale ukuta unapotoa kivuli jua likishapinduka. Dereva wa lori la viazi ndiye aliyemletea mche kutoka Molo, akamwambia ni aina mpya, imeunganishwa juu ya shina jingine ili isirefuke, wala haidai baridi nyingi kama plamu za kwao. Mtaa mzima ulicheka. Plamu Garissa? Afadhali ufuge samaki juu ya bati.

Istahil aliwaacha wacheke. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni tangu hajaolewa, na katika miaka yote hiyo alikuwa amewasikia mabwana wenye makoti wakija kuwaeleza watu wa kaskazini kwamba ardhi yao haioti kitu, kwamba wao ni watu wa kusubiri gunia la msaada. Aliwasikia utotoni. Akawasikia tena mwaka wa ukame uliomaliza mifugo, maneno yale yale, koti tu ndilo jipya. Basi mti ule aliutunza kwa hasira, kama wengine wanavyotunza kwa mapenzi. Maji ya kutawadhia, maji ya kuoshea mchele, yote yaliishia pipani. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mplamu ulichanua. Maua meupe, machache, yenye haya. Baadhi yakafunga vitunda vya kijani vidogo kama shanga.

Alikuwa akivitembelea kila asubuhi kabla ya chai, kama mtu anayekwenda kuhakikisha mtoto anapumua.

Lakini mwaka huo huo bomba la mtaa lilikuwa kavu. Bomba hilo lina ajabu yake: kila kampeni huzaliwa upya kwenye vipaza sauti, na kura zikishahesabiwa huzikwa bila hata khitma. Boza likija linakuja na watu wa kupiga picha. Wasipopatikana wapiga picha, na boza nalo huharibika njiani. Watu wakikosa wa kumkasirikia huko juu, humkasirikia aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Istahil na mti wake.

Rahmo alitenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Uani kwake mumewe alikuwa amechimba birika la chini ya ardhi, linalojazwa na mvua kutoka kwenye bati. Hakulifungua ovyo. Alipanga foleni ya boza kama kila mtu, maana mwenye akili hali akiba yake kabla ya njaa. Miaka yote nyumba hizo mbili zilikuwa zikipeana kaa la moto, sukari, hata kina mama wa kumsimamia mzazi. Ukuta ulikuwa mfupi, mkono unavuka.

Ni huo mkono unaovuka uliomtia Istahil wasiwasi. Majani yalianza kwa unjano. Kisha kingo zake zikaungua, zikajikunja kama karatasi iliyosogezwa jikoni. Kisha juu ya udongo akaona ukoko mweupe. Aliufikicha kwa vidole. Rahmo alifua nguo zake palepale nyuma ya ukuta, kwa sabuni ya unga, kila siku isiyo Ijumaa. Hakuuonja ule weupe. Nani analamba sumu?

Alikwangua ukoko akautupa. Ukarudi. Akakwangua. Ukarudi mzito zaidi.

Sokoni alimwambia Kaltun, muuza maziwa mwenzake, kwa sauti ya chini, na kumwambia Kaltun kwa sauti ya chini ni sawa na kupanda mnara wa msikiti. Adhuhuri haijaingia, mtaa ulikuwa unajua kwamba Rahmo anaua mti wa jirani kwa sabuni. Alasiri Rahmo alisimama mlangoni pa Istahil, hakuvua viatu.

"Nasikia mimi ni muuaji wa miti."

"Umesikia vizuri."

"Na ushahidi wako ni udongo mweupe. Istahil, sabuni siku hizi bei yake unaijua? Mimi nimwage sabuni yangu kwa ajili ya kijiti chako?"

"Ulisema utakauka. Mbele ya watu."

"Nilisema kwa kuwa nina macho. Hata kipofu wa Griftu anajua tunda la baridi halikai Garissa." Aliposema Griftu alikusudia, maana Istahil kwao ni huko. "Haya. Nipeleke kwa wazee. Nitaweka mkono juu ya msahafu, na Mungu atajua nani kati yetu amwangushie ukuta."

Mzee Kulow, aliyekuwa akisuluhisha kesi za mtaa, akapanga kikao siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, uani kwa Istahil palepale pipa lilipo. Kila mtu alielewa uzito wake. Kiapo kikishaapwa, nyumba hizo hazitapeana tena hata kaa la moto. Mmoja atabaki mwongo mpaka kaburini.

Mtu pekee aliyefichwa habari hizo ni baba yake Istahil, Mzee Salat.

Salat alikuwa mfugaji wa Griftu. Katika siku ambazo serikali hutaka zisahauliwe, aliona askari wakiwapiga risasi ngamia wa baba yake kisimani, mmoja baada ya mwingine, kwa kosa la kuwa ngamia wa watu wasioaminika. Yeye akaanza upya na ndama wachache. Akajaza zizi tena, maisha mazima. Kisha ukame ukaja ukamaliza hao nao, na msaada wa mifugo ukafika wakati mifupa imeshakuwa myeupe. Sasa aliishi chumba cha nyuma kwa bintiye. Mchana alikwenda soko la mifugo kutazama ngamia wa watu, na jioni alikaa kando ya pipa. Istahil hakutaka kumwongezea kesi ya wanawake.

Asubuhi ya kikao alitoka na maji yake ya kutawadhia na kumkuta amechuchumaa mbele ya mplamu. Alikuwa amekunjua pindo la shuka lake, humo ndani mna bonge la chumvi ya mawe, ile inayouzwa soko la mifugo. Alilisaga kwa jiwe taratibu, akainyunyiza kuzunguka shina, huku akitoa kooni ile sauti ya chini ambayo wafugaji humtulizia ngamia anayekamuliwa.

Istahil alisikia maji yakimwagika juu ya miguu yake mwenyewe.

"Aabo. Unafanya nini?"

"Namlisha," Salat alisema bila kugeuka. "Amekosa chumvi huyu, huoni? Amekuwa wa njano, ngozi kavu, hana hamu. Ngamia akifika hapa unampeleka kwenye ardhi ya chumvi, anarudi na nundu."

"Tangu lini unampa?"

"Tangu alipoanza kuumwa. Nilimpa kidogo. Akazidi kuumwa, nikamzidishia." Alipangusa viganja, akamtazama kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa akitoa sadaka. "Nilitaka nikuone nawe una kitu kilichonenepa."

Istahil alichota udongo kwa ncha ya kidole, akaulamba. Chumvi tupu. Aliingia ndani akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Angeweza kunyamaza. Rahmo angeapa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli, na kesi ingekwisha. Hakuna ambaye angejua. Lakini mtaa haungesahau kwamba Rahmo aliletwa mbele ya msahafu, na yeye Istahil angeamka kila asubuhi akijua kwa nini. Na akisema je? Kesho yake soko la mifugo lote litakuwa likicheka: Salat wa Griftu analisha mti chumvi. Mzee aliyeporwa kila kitu na kila mtu, amebakiwa na kujua ngamia tu, na bintiye ndiye amvue hilo hadharani.

Na mti? Mti ulihitaji maji matamu mengi ya kusukuma chumvi itoke chini. Jerikeni zake mbili zilikuwa nusu. Maji yaliyobaki mtaani yalikuwa ng'ambo ya ukuta, chini ya kifuniko cha Rahmo.

Alasiri mikeka ilitandikwa. Mzee Kulow alikuja na wazee wengine, Kaltun akaja kwa kuwa hakuna kitu kinachompita, na Rahmo akaingia amevaa jilbabu mpya nyeusi, kama mtu anayekwenda kwenye harusi ya adui yake.

"Kiti changu kiko wapi?" aliuliza. "Au muuaji anasimama?"

"Keti, binti yangu," Kulow alisema. "Ulimi uuache nje na viatu."

Mzee Salat, aliyeona watu wakiingia, alitoka chumba cha nyuma akakaa mwisho wa mkeka, akiwasalimu, akidhani ni wageni wa chai.

Kulow alisoma Fatiha. Akaeleza: kuna mti, kuna udongo mweupe, kuna mshtaki, kuna mshtakiwa. Akafunua kitambaa cha kijani kilichofunika msahafu. Rahmo hakungoja kuambiwa, alinyoosha mkono. Alimkazia Istahil macho, na Istahil aliona kwamba si hofu. Ni hasira, hasira ya mtu anayelazimishwa kuapa kwamba yeye si mchafu.

"Rudisha mkono, Rahmo," Istahil alisema.

Kulow akainua kichwa.

"Si sabuni. Ni chumvi. Imetoka ndani ya nyumba yangu. Mimi ndiye ni..."

"Usiniibie kosa langu," Mzee Salat alisema.

Hakupaza sauti. Alisimama kwa kushika ukuta. "Chumvi ni yangu. Nilimtibu kama ngamia. Kumbe ndicho mlichokusanyikia?" Akamtazama Kulow. "Adeer, mzee mwenzangu, mimi sijui miti. Sikufundishwa. Huyu msichana wa jirani asiape kwa ajili ya kitu nilichokifanya mimi."

Kaltun alicheka kidogo, puani. Kulow alimgeukia mara moja tu, na Kaltun hakucheka tena. Hakuna mwingine aliyecheka. Wazee wale wote walikuwa na zizi tupu mahali fulani.

"Rahmo," Kulow alisema, "umevunjiwa heshima, na aliyekuvunjia amekiri. Unastahili haal." Ndicho kifuta machozi ambacho mila humdai aliyemtukana mwenzake bila haki. "Taja unachotaka."

Rahmo aliutazama mplamu. Alivitazama vitunda, vichache vilivyobaki, vimesinyaa. Alimtazama Mzee Salat aliyekuwa bado ameshika ukuta.

"Sitaji leo," alisema. "Hasira yangu haijaiva. Nitataja nikiwa tayari, na atalipa, na atalipa mbele ya hao hao aliowaambia sokoni."

"Nitalipa," Istahil alisema. Kisha akaongeza lililobaki. "Mti unataka maji, Rahmo. Mengi. Sina."

Watu waliinama. Kuomba maji kwa uliyemtukana, mwaka wa bomba kavu, ni kuvua nguo sokoni.

Rahmo alivaa viatu vyake polepole. Alipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, "Lete jerikeni. Kifuniko nitafungua. Maji nampa mti. Mti haukunitukana."

Jua lilikuwa limepinduka. Istahil alivuka na jerikeni mbili, Rahmo akachota kwa ndoo ya kamba, akajaza. Istahil akarudi akamwaga juu ya pipa, taratibu, hadi maji yakaanza kutoka kwenye matundu ya chini, ya rangi ya chai.

Mzee Salat alichuchumaa. Alikinga kiganja, akaonja, akatema pembeni, kama alivyoonja visima vyote vya maisha yake kabla ya kuruhusu mifugo inywe.

"Bado," alisema.

Istahil akazibeba jerikeni tena, akaenda ng'ambo ya ukuta.