Dagaa wa Darasa la Sita

Madam Evaline alimkuta Herman mwaloni Katonga, boti za uvuvi zinapoegeshwa, amechuchumaa ubavuni mwa boti, anaandika MSINISEME kwa rangi nyekundu. Madam huyu kwao Njombe, Kigoma ana miezi minne tu, na mkononi alishika karatasi aliyoitoa kwenye mtandao: mawazo ishirini ya kazi za sanaa kwa darasa la tano na la sita.

"Kaka, nisaidie. Rangi za maji hatuna. Gundi hatuna. Hapa wanataka vijiti vya aiskrimu mia mbili. Hata aiskrimu yenyewe hatuna."

"Madam, mimi shule niliachia kidato cha pili. Sina cheti hata cha kipaimara."

"Cheti nimekuomba? Kuchora unajua?"

"Kuchora najua."

"Basi twende."

Mwalimu Mkuu Adolf aliwahi kumfundisha Herman shule hiyohiyo. Alimwangalia kama mtu anavyoangalia mvua siku ya harusi.

"Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wanakuja kwenye maonyesho," alisema. "Kazi yako ikiwa na maana, kila Alhamisi saa nane ni kipindi chako. Isipokuwa na maana, saa nane wanafunzi wanarudi kufagia uwanja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Sauti ilimtoka ya darasa la tatu, na Herman akaichukia. Lakini kile kipindi alikitaka. Hakumwambia mtu, maana mwaloni ukisema umetamani shule na ndevu umeshaota, watakucheka mpaka wasahau kuvua.

Siku ya kwanza aliwaambia watoto walete kitu ambacho nyumbani kwao kipo kingi. Kichwani alikuwa anawaza vifuniko vya soda, makopo, nyavu mbovu. Kesho yake wakaja wanafunzi hamsini na nane wa darasa la sita. Hamsini na saba walileta dagaa. Mmoja alileta mdogo wake, akaambiwa amrudishe.

Madam aliangalia vile vifuko. "Sasa?"

"Sasa tunachora ziwa," alisema Herman. Angesema nini kingine?

Wakatafuta ubao mkubwa wa dari la zamani. Unga wa muhogo ukakorogwa uji mzito, ndiyo ikawa gundi. Herman akachora boti katikati, na mbele ya boti akachora taa ya kuvulia, kwa sababu alipenda kuchora taa. Watoto wakabandika dagaa mmoja mmoja, na mpaka jioni ubao ulikuwa unang'aa kama maji ya saa nne asubuhi.

Hapo akasimama Gloriose, binti wa miaka kumi na moja ambaye baba yake anavua Kagunga.

"Oya, kaka Herman. Hapana. Hii siyo."

"Siyo nini?"

"Dagaa wanaona taa halafu kila mtu anaenda kwake? Ukiwasha taa wote wanaifuata, wanaizunguka. Baba akiona hii atauliza nani kachora, mtu wa Dodoma?"

Darasa likacheka. Herman alizaliwa Katubuka, mtaa wa mjini, boti alizijua zikiwa zimelala mchangani. Usiku wa kuvua hajawahi kuuona hata mmoja. Angeweza kubisha, lakini angebisha na nini?

"Bandueni," alisema.

Kubandua kulichukua siku mbili. Kubandika upya kulichukua nne, duara ndani ya duara, vichwa vyote vikielekea kwenye taa. Dagaa aliyekatika kichwa, Gloriose alimkataa.

Jumamosi wazazi walifika. Wa kwanza kuusogelea ubao alikuwa mama Leonia, muuza dagaa. Akainama, akanusa, akabonyeza mmoja kwa kidole.

"Hizi hazijakauka vizuri." Akabonyeza mwingine. "Na hizi za pembeni ni zangu! Nilijiuliza ndoo inapunguaje. Nikampiga paka."

"Shule haina chakula cha mchana," akadakia mama mwingine, "nyie dagaa na muhogo mnabandika ukutani? Mnawafundisha watoto kuchezea chakula?"

Kelele zikapanda. Mwalimu Mkuu akafungua ratiba, akatoa kalamu. Herman aliiona ile kalamu imesimama juu ya Alhamisi. Alitaka kujitetea, lakini maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya mwaloni, hayasemwi mbele ya wakwe wa watu.

"Hebu nyamazeni." Alikuwa Mzee Mwinshehe, aliyevua ziwani miaka arobaini, amesogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa ubao. "Hawa wanazunguka kulia."

"Ndivyo, Mzee," alisema Herman.

"Dagaa hazunguki kulia."

"Anazunguka kulia!" Sauti ilitoka nyuma. Ni Hatungimana, baba yake Gloriose. "Shikamoo, Mzee wangu, lakini unawadanganya watoto."

"Marahaba. Wewe umeanza kuvua lini? Enzi za karabai ulikuwa wapi?"

"Karabai na taa ya sola, dagaa anajua tofauti?"

"Inategemea maji siku hiyo," alisema mama Leonia, ndoo ameshaisahau. "Marehemu mume wangu aliniambia."

"Marehemu alikuwa anavua migebuka, siyo dagaa, mama Leonia. Kaa pembeni," alisema Mzee.

Hakukaa pembeni. Alichukua fimbo ya mwalimu akaanza kuonyesha kwenye ubao. Nusu saa ikapita. Madaftari yaliyopangwa mezani hakuna aliyeyafungua. Gloriose alikuwa amekunja mikono.

"Ila vichwa hakuna aliyesema vimekosewa," alimwambia Madam.

Mwalimu Mkuu alikuja akasimama kando ya Herman.

"Miaka kumi na tisa naandaa maonyesho. Wanasaini, wanakunywa soda, wanaondoka." Akawasikiliza wanavyobishana. "Alhamisi saa nane."

"Asante, Mwalimu."

"Chakula usiguse tena."

"Sawa."

"Wiki ijayo mnatengeneza nini?"

Herman hakuwa amefika huko. Mawazo yake yote yalikuwa yameishia Jumamosi. Aliangalia dari, akaangalia ukuta, akaangalia chini, kwenye ndala miguuni mwa wale wanaobishana.

"Malapa," alisema.

Mwalimu Mkuu aliandika kwenye ratiba, kwa mwandiko mzuri: Malapa. Kisha akachukua rula, akapiga mstari chini yake.